Harshufu Juu ya Jamvi

Jani la harshufu ukilivunja mkononi linatoa harufu ya uchungu, na uchungu wenyewe hauishii puani. Unashika vidole, na jioni ukikaa kula, hata kama umenawa kwa sabuni, mkate unakuwa mchungu. Mimi harufu ile naijua tangu nina miaka minane. Kwa wasioujua mmea wenyewe, ni wa jamii ya mbigili, wengine huuita artichoki. Una majani marefu ya rangi ya majivu, yamechanika pembeni kama yaliyopitishwa mkasi, na katikati hupanda bua lenye tumba kubwa la kijani, limefungwa kwa magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Tumba hilo ndilo linaloliwa, nalo huliwa kabla halijafunguka. Likishafunguka likawa ua, halas, ndani pamejaa manyoya na nje pamejaa miiba. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu yote yaliyotupata yametokana nalo. Ni kitu kinachochumwa kabla hakijafunguka, na kwetu sisi watu wa Pemba kuna kitu kingine kinachochumwa hivyo hivyo.

Siku hizi nakaa Al-Naseem, hapa Riyadh, kwa mwanangu. Bustani ninayoikumbuka ilikuwa upande wa kaskazini, huko wanakokuita Al-Malqa, ambako sasa kuna majumba meupe na mageti yanayojifungua yenyewe. Wakati wetu palikuwa na mitende, vumbi, na nyumba moja moja za watu wenye uwezo. Moja ilikuwa ya Sheikh Abdulmuhsin, kafili wa baba yangu, yaani mdhamini aliyemwezesha kukaa na kufanya kazi nchini. Baba aliitwa Mbarouk, na kazi yake ilikuwa kutunza bustani ile. Tulipewa kijumba cha uani, vyumba viwili vilivyogusana na ukuta wa nyuma, na ngazi ya nje ya kupandia darini. Humo tuliishi watu watatu: baba, mama na mimi. Asubuhi nilikuwa naamka kwa mlio wa makina ya kuvutia maji kisimani, unapiga kohoo kwanza kama mzee mwenye pumu, kisha unatulia, kisha maji yanasikika yakikimbia kwenye mifereji. Baba alikuwa na desturi ya kuyafuata maji pekupeku, akifungua na kuziba njia kwa kisigino. Kwao alikuwa mwenye shamba la mikarafuu. Hapa alikuwa mtu wa kuambiwa yalla, harakisha, lakini akiwa kwenye maji yale mgongo wake ulinyooka.

Tuliondoka Pemba, upande wa Wete, mwaka ule wa mapinduzi, mimi nikiwa na miaka mitatu hivi. Kaka yangu Nassor hatukuja naye. Karafuu zilikuwa bado mitini, na nyingine ziko juani hazijakauka, ikaonekana abaki na baba mdogo wavune, waanue, kisha wafuate. Sura yake sina. Nina nyayo zake tu: nimesimama chini ya mkarafuu natazama juu, na baina ya majani naona nyayo mbili nyeusi za utomvu, na vishada vya karafuu vinaanguka karibu yangu, na sauti inasema, "Sogea, we kitoto, nitakutupia kichwani." Hakufuata. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila msimu wa hija baba aliomba ruhusa, akadandia lori mpaka Jeddah, akazunguka kwenye nyumba za mahujaji akiuliza ni nani ametoka Pemba. Alirudi na salamu za kila mtu isipokuwa za Nassor. Mwaka ule niliotimiza saba ndipo akampata mzee mmoja wa Wete, Mzee Kombo Faki, na Mzee Kombo akamtazama sana, akamwambia, "Mbarouk, hujaambiwa?" Nassor alikuwa ameanguka mkarafuuni msimu ule ule tuliomwacha. Tawi la mkarafuu huonekana zima, kumbe ndani limekauka. Muda wote tuliokuwa tukimwombea safari njema alikuwa kaburini.

Baba alirudi Riyadh na habari hiyo, akamwambia mama palepale mlangoni, kabla hajavua viatu. Mama hakulia. Aliingia ndani akaendelea kuchagua mchele. Lakini tangu saa ile hakusema tena. Si kwamba aliugua. Alipika, alifua, alisali midomo ikichezacheza bila sauti, na ukimuuliza jambo alikujibu kwa kichwa. Jina langu halikutoka kinywani mwake. Akinihitaji alipiga makofi mawili, kama unavyofukuza kuku. Nilikuwa nakaa karibu naye makusudi, nikitegea sikio, nikidhani labda anasema kidogo kidogo mimi ndiye sisikii. Baba aliendelea kumwita Mama Nassor kama siku zote. Ba Saleh, mpishi Mhadhrami wa nyumba kubwa, alimkataza. "Usimwite hivyo, ya Mbarouk, unamchoma." Baba akamjibu, "Nimwite nani basi? Kwani hakumzaa?"

Harshufu zililetwa na Sitti Najla, mke wa Sheikh. Alikuwa Mlebanoni, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na kwao, alivyokuwa akisimulia, kulikuwa na bustani inayoteremka mlimani mpaka mtoni. Riyadh haikumpenda naye hakuipenda. Mwisho wa joto kaka yake alikuja kwa gari kutoka huko, na ndani ya gunia bichi alikuwa na machipukizi ya harshufu, mizizi imefunikwa tope. Sitti aliyabeba mwenyewe mpaka kwa baba. Mama yake Sitti alikuwa aje kumtazama baada ya baridi, mwanamke mtu mzima ambaye macho yalikuwa yakimwishia, na Sitti alitaka ampakulie harshufu iliyoota kwake, aishike kwa mikono. Sheikh Abdulmuhsin alikuwa na shauri lake jingine. Yeye aliitaka ardhi ya bustani ajenge majlisi ya wageni. Nilikuwepo siku aliyosema, kwa sababu nilikuwa nimetumwa kurudisha sinia. Alisimama juu ya mfereji, ameinua kanzu isilowe, akamwambia mkewe mbele ya baba, "Bustani hii tangu niinunue haijanipa hata limau. Mama yako akija, akila kitu kilichoota hapa, naiacha, na Mbarouk atabaki. Asipokula, halas, najenga. Na Mbarouk atafute kafili mwingine." Baba aliinamisha kichwa akasema inshallah. Hata mimi mtoto nilielewa. Bila kafili hakuna ikama, kile kibali cha kukaa nchini, na bila bustani hakuna kijumba cha uani. Usiku wetu, mchele wetu, dawa aliyopewa mama ili apate usingizi, vyote vilikuwa vimezikwa pamoja na yale machipukizi.

Basi baba akayalea. Alichimba mashimo ya kina cha goti, akajaza samadi ya mbuzi iliyokwisha poa, akapanda kila chipukizi mbali na mwenzake kwa upana wa mikono iliyonyooshwa, kwani Sitti alimwambia mmea huu haupendi kubanwa. Alivyopanda nilimwona anafanya kama anavyopanda mgomba: anakanyaga udongo kuzunguka shina, kisha anapiga bismillahi, kisha anaondoka bila kugeuka nyuma. Miche ilinyauka yote, ikalala chini kama matambara. Baba akawa hali vizuri. Halafu hewa ikageuka, ikaja ile baridi kavu ya Riyadh inayopasua midomo, na harshufu, ambayo sisi tulidhani baridi itaimaliza, ikaamka. Kumbe ilikuwa inaingoja. Majani yalitoka katikati yamekunjwa, yana manyoya meupe, yakapanuka mpaka nikaweza kujificha nyuma yake. Asubuhi nyingine yalikuwa na barafu nyembamba pembeni, ikiguswa na jua inadondoka. Baba alivua koti lake akafunika mche mmoja uliokuwa mdogo, na mimi nikacheka kwa kuona mmea umevaa koti. Wadudu wadogo weusi wakaingia kwenye moyo wa majani, akawaosha kwa maji ya sabuni na kuwanyunyizia jivu la jikoni. Ba Saleh alikuwa akipita na ndoo ya maganda, anasimama kumtania.

"Ya Mbarouk! Dunia nzima watu wanang'oa miiba, wewe unaipa samadi!"

"Ngoja utaila."

"Mimi? Nitafute ngamia kwanza anionjee."

Mama alikuwa akikaa kwenye kizingiti, mikono mapajani, macho kwenye mimea ile. Tulidhani haoni. Mtu akinyamaza muda mrefu, wenzake huanza kudhani na macho yake yamenyamaza.

Baridi ilipoanza kulegea, tumba la kwanza likatokea. Lilikuwa ndani kabisa, chini ya majani, ukubwa wa ndimu, kijani chenye wekundu kidogo kwenye ncha. Baba aliniita nilione, akanishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma. Kisha yakatokea mengine, pembeni ya lile la kwanza na katika kila mche, yakapanda juu na mabua yake. Sitti Najla akaja akiwa amejifunga kitambaa kichwani, akaenda shina kwa shina, na kwa mara ya kwanza nikasikia anacheka. Baba akamuuliza akate? Akashtuka. "La! Bado. Ngoja liwe ngumi ya mwanamume." Tangu hapo kila alasiri baba aliweka ngumi yake kando ya tumba kubwa akapima, na Sitti akamtuma Ba Saleh kuuliza, na Ba Saleh akarudi na jibu akilipigia kelele tangu mlangoni, "Bado ngumi ya mtoto!" Mama yake Sitti alikuwa njiani. Ilikuwa imebaki wiki hivi. Baba alikuwa anaimba akifungulia maji.

Asubuhi ile baba alichukuliwa na dereva kwenda kununua samadi. Sitti alikuwa amelala. Alikuwa na kawaida ya kuumwa kichwa. Mimi nilikuwa nafua vitambaa kwenye beseni. Nikasikia nyuma yangu, "Zuwena."

Nakwambieni, sikuitambua sauti. Ilikuwa nzito, imeshika kutu. Nikageuka, nikamwona mama amesimama, amejifunga kanga kiunoni, ile kanga ya kisutu iliyokuwa chini ya sanduku tangu Pemba, na nyingine amejizungushia kichwani kama wanawake wanavyokwenda kuchuma. Akasema, "Lete pakacha. Zinataka kufunguka hizi, na hapa hakuna mtu anayeshughulika." Pakacha hatukuwa nalo Riyadh. Nilikimbia nikaleta kikapu cha tende. Nilijua yale matumba ni ya Sitti na ni ya nini. Lakini mtoto aliyeitwa jina lake na mama yake baada ya karibu mwaka mzima haulizi kikapu ni cha kazi gani. Ningeambiwa nilete moto ningeleta.

Alichuma kama anavyochuma mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo. Mkono wa kushoto unainamisha bua, wa kulia unakamata chini ya tumba, unageuza, ta! Miiba ilimchana mikono mpaka kwenye viwiko, hakutazama. Kubwa, dogo, lililokuwa ndimu na lililokuwa bado kama kokwa, hakuacha, maana karafuu huwezi kuiambia wewe subiri. Ikifunguka leo, kesho haina mnunuzi. Na alisema. Yarabi, alivyosema! Maneno ya mwaka mzima yalimtoka kwa pamoja. Alimtaja bibi yangu Mwanaisha aliyekuwa akichambua haraka kuliko wote, na jirani Bi Kazija aliyeiba makonyo, vile vikonyo vya karafuu, akayaficha kwenye kanzu, kisha mama akacheka peke yake. Akasema, "Nassor akija atakuta tumemaliza." Kisha akasimama wima katikati ya ile mimea, damu ndogo ndogo inamtiririka mikononi, akaitazama bustani yote, na mimea yote ilikuwa inamfika kifuani. Uso wake ukalainika. Akaniambia polepole, kama anayenionyesha siri, "Umeona, mwanangu? Huku mikarafuu yake mifupi. Hapa hapaanguki mtu."

Tulipanda na kikapu darini. Tulikuwa na jamvi moja tulilotoka nalo kwetu, ndilo nililokuwa nalalia. Alilitandaza juani, akamwaga matumba, akakaa, miguu ameinyoosha, akaanza kuchambua, anavunja bua anatupa kulia, tumba anatupa kushoto. Nikakaa nikafanya kama yeye. Jua lilikuwa la kupendeza, si kali. Vidole vyangu vilikuwa vichungu na sikujali, nilikuwa nakula ile sauti.

Baba alirudi karibu na adhuhuri. Nilimsikia akipita mlangoni akiimba, nikasikia anasimama, na ule wimbo ukakatika. Kisha nikasikia miguu yake kwenye ngazi, mizito, kama anapanda na gunia. Alitokea kichwa kwanza. Aliona jamvi, akaona matumba yote, hata yale ya ukubwa wa kokwa, akaona na mabua yaliyovunjwa yamerundikwa. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nilijikunja, nikingoja apige kelele. Mama akainua uso, akasema, "Mbarouk, umechelewa. Kaa basi utusaidie."

Baba alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mwaka jana, kama mimi. Alisimama. Akaitazama bustani kule chini, akamtazama mama. Kisha akavua kofia, akaiweka kando ya jamvi, akakaa, akachukua tumba moja, akavunja bua akatupa kulia. Akasema, "Mwaka huu zimekuwa kubwa, Mama Nassor."

"Si nyingi lakini," mama akasema.

"Si nyingi," baba akasema. "Lakini kubwa."

Alasiri Sitti Najla alipanda darini mwenyewe. Baba alisimama kumweleza, na Kiarabu chake, ambacho kilikuwa kizuri sana cha kuombea radhi, siku hiyo kilimpotea. Alisema tu: karafuu, kwetu, mtoto wetu, alianguka. Sitti alichutama, akaokota tumba moja lililokwisha anza kusinyaa, akalinusa. Mama akamwambia kwa Kiswahili, "Geuza, usilishike hivyo, litaungua upande mmoja." Sitti hakufahamu neno, lakini aligeuza. Akalirudisha penye jamvi taratibu, akateremka. Nilifikiri amesamehe, na nadhani alisamehe. Lakini samahani yake haikuwa na kazi, kwa sababu bustani haikuwa yake, na wala Riyadh haikuwa yake. Mimea ilitoa matumba mengine machache, madogo, yamechelewa. Mama yake Sitti alipofika, akaketishwa chakulani, Ba Saleh alituambia Sheikh aliuliza mbele ya wote, anacheka, "Haya, iko wapi bustani? Mafi?" Sitti akasema mafi, hakuna. Mama yake alikula kuku. Ba Saleh alipokuwa akitusimulia hakutania. Alituletea sinia la wali na nyama, akalifunika vizuri, akaliacha mlangoni kama unavyofanya nyumba yenye msiba.

Tulishuka Jeddah juu ya lori la vitunguu, na jamvi limekunjwa na harshufu zake ndani, kwa sababu mama hakukubali liachwe. Baba alipata kafili mwingine baada ya kuhangaika sana, akawa mchukuzi, na tukapanga chumba kimoja huko Al-Mahjar, kwenye uchochoro ambao maji machafu yalipita katikati. Majirani wengine walikuwa watu wa kwetu. Majina yao nayakumbuka yote: Bi Asha Hamad, Bi Rukia wa Chake, Bi Time aliyekuwa na jicho moja. Walikuja kumwona mama, naye aliwapokea kwa maneno mengi, akawaonyesha mavuno yake, nao, Mungu awalipe, waliyasifu. Sauti ilirudi lakini akili haikurudi nayo. Kila asubuhi alianika uani, kila jioni alianua. Riyadh ni pakavu. Jeddah ina mvuke wa bahari unaoingia hata ndani ya godoro. Haukupita muda harshufu zikaota ukungu, kwanza mweupe, halafu wa kijani. Asubuhi aliyoliona hilo mama aliingiza mikono yote miwili katika ile takataka, na hapo ndipo alipolia. Kilio alichokiweka tangu siku ile mlangoni kilitoka chote. "Mvua imezipata, Zuwena," alisema. "Mvua imezipata, na sisi hatukuzianua." Angani hakukuwa na wingu. Alishikwa na homa kipindi kile cha joto baya, na hao wanawake watatu niliowataja ndio waliomwosha na kumvisha sanda. Baba alilikunja jamvi akaliweka juu ya kabati. Hakulilalia, na hakuniruhusu nililalie.

Sasa mimi ni bibi. Niliolewa, nikaja Riyadh na mume wangu, nikamzika. Mwanangu nilimpa jina la Nassor, ingawa baba, alipokuwa bado hai, aliniomba nisilitumie. Hapa Al-Naseem nina harshufu katika tangi la maji lililokatwa katikati, uani, pembeni ya mashine ya kufulia. Siku hizi hakuna anayezihitaji. Mjukuu wangu Rahma, ambaye anaendesha gari mwenyewe, hunipeleka sokoni akanionyesha mioyo ya harshufu imemenywa, imegandishwa, imefungwa katika mfuko, hata mwiba mmoja haina. "Bibi, ya nini kujichoma?" Siku moja alinipitisha Al-Malqa. Tulizunguka, nikatafuta kisima, nikatafuta ukuta, sikuona hata mtende wa kuniambia ni hapa. Hata ile majlisi aliyoitaka Sheikh nayo imekwisha bomolewa na kujengwa kingine. Lakini hofu ile ya baba naijua ninapoiona, haijabomolewa. Nassor amezaliwa nchi hii, kapata na mvi humu, na bado ikama yake inaishi kwa pumzi ya mtu mwingine. Kampuni yake imesema haimhitaji tena. Amezunguka kutafuta kafili, kama babu yake alivyozunguka, ana simu mkononi badala ya viatu vya vumbi, na kila mmoja anamwambia subiri. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mkewe kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya kuambiwa ndiyo au la. Ikiwa la, tunatoka sote, tunarudi Pemba, ambako yeye hajawahi kurudi kwa sababu hajawahi kutoka.

Leo asubuhi matumba yalikuwa ukubwa wa ndimu. Nilikwenda na kisu, nikakirudisha, nikayavunja kwa mkono. Yote. Akili zangu ninazo, na nilijua ninachofanya. Jamvi la baba ninalo, limetoboka, nikapanda nalo darini polepole, magoti haya si yale. Rahma alinikuta nimekaa. Aliangalia kazi kwa muda, akakaa upande wa pili, akachukua moja akavunja bua. Akaniuliza mkarafuu una urefu gani. Nikatafuta cha kumwonyesha, nikamwonyesha nguzo ya taa ya barabarani, mpaka juu kwenye taa. Akasema, "Mashaallah. Tukienda nitapanda, Bibi, mpaka juu kabisa." Nikasema la. Nadhani nilisema kwa ukali, maana aliinua macho. Nikamwambia tu achambue haraka, Nassor akija atakuta tumemaliza.

Na Nassor akaja. Nilisikia gari, nikasikia mlango, nikasikia miguu kwenye ngazi, na niliijua ile miguu, mizito kama ya baba siku ile, kabla sijaona kichwa. Alisimama na karatasi yake mkononi, akatazama jamvi, akatazama matumba madogo, na mabua kwa upande wake. Hakusema walichomwambia, wala mimi sikuuliza. Nilisogea kidogo, nikampa nafasi ya kukaa.